Kigunduzi, mbwa, panya buku au mtambo: kipi kiingie kwanza kwenye ardhi yenye mabomu

Bomu la kutegwa ardhini hufichuliwa na mambo matatu: chuma kilichomo ndani yake, harufu ya kilipuzi inayovuja polepole, na fyuzi inayoitika ikikandamizwa. Kigunduzi cha metali hufuata la kwanza. Mbwa na panya buku hufuata la pili. Mtambo wenye minyororo hutumia la tatu. Kwa hiyo anayepanga kusafisha ardhi asianze kwa kuuliza kifaa kipi ni bora. Aulize bomu lililopo linatoa ishara gani, na kama udongo wa pale unaipitisha ishara hiyo au unaizuia. Kisha achague vifaa viwili ambavyo sababu za kukosea kwake hazifanani. Vifaa viwili vyenye udhaifu mmoja ni kifaa kimoja kilicholipiwa mara mbili.

Fyuzi kwanza, maana ndiyo inayoamua

Fyuzi ni sehemu inayoamua lini bomu lilipuke. Fyuzi ya kombora la mzinga kwa kawaida huundwa na kufuli mbili zinazojitegemea. Moja hufunguka kwa msukumo mkali wa kufyatuliwa, nyingine kwa kasi ya kombora kuzunguka likiwa angani. Kabla ya hapo, kile kilipuzi kidogo cha kuanzishia huwa kimewekwa pembeni, hakitazamani na mlolongo unaokwenda kwenye kilipuzi kikuu, ili hata kikiwaka kwa ajali moto uishie hapo. Ndiyo maana makombora hupakiwa kwenye malori, hupita barabara mbovu, hukaa ghalani miaka mingi, na kwa kawaida hayalipuki.

Bomu la ardhini halina safari ya angani ya kulifungulia kufuli. Kizuizi chake kwa kawaida huondolewa na yule anayelitega, siku ile ile linapofukiwa, na kuanzia hapo linabaki tayari mpaka likanyagwe au liondolewe. Haliulizi kama vita vimekwisha.

Uzee nao hauleti usalama. TNT, kilipuzi kinachojazwa kwenye mabomu mengi, hukaa ardhini miongo mingi bila kupoteza nguvu zake, na plastiki nzuri haiozi. Springi inaweza kushika kutu, mpira unaweza kupasuka, maji yanaweza kuingia. Mabadiliko hayo huweza kuifanya fyuzi iwe nzito kuitika, au iwe nyepesi kuliko ilivyotoka kiwandani, na kwa kutazama kwa macho hakuna anayeweza kujua ni lipi kati ya hayo limetokea. Ufaransa na Ubelgiji bado zina vikosi vinavyokusanya makombora ya vita vya 1914 hadi 1918 kutoka kwenye mashamba kila mwaka, na bado yanaua. Kwa hiyo hoja ya kwamba mabomu ya hapa ni ya zamani isitumike kamwe kuchagua kifaa cha bei rahisi.

Aina ya bomu ndiyo yenye maana. PMN la Kisovieti, lililotapakaa Angola na Msumbiji, lina chuma cha kutosha na kigunduzi chochote kilicho kizima hulisikia. Type 72 la China na M14 la Marekani ni plastiki karibu yote. Chuma chake ni pini ndogo na vipande vichache vya fyuzi. VS-50 la Italia liliundwa lisiitike kwa pigo la ghafla, liitike kwa uzito wa mguu unaotulia. Mabomu haya yote hukata miguu ya watu, lakini kila moja huwashinda watafutaji wa aina tofauti.

Kigunduzi cha metali

Koili hutoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika, uga huo huamsha mkondo mdogo ndani ya chuma kilichofukiwa, na kifaa husikiliza mwitiko wa mkondo huo. Ishara hupungua kwa kasi sana kina kikiongezeka. Ndiyo sababu viwango vya kimataifa vya kazi hii, IMAS, vinataja sentimita 13 kuwa kina cha kuanzia pale ambapo hakuna taarifa bora zaidi: kina hicho kinaendana na uwezo wa vigunduzi vingi. Kipande cha chuma chenye ukubwa wa pini kikikaa chini zaidi ya hapo, kigunduzi kinaweza kukaa kimya bila kuwa na hitilafu yoyote.

Mtegua mabomu hufanya kazi kwenye njia yenye upana wa mita moja. Kwanza huangalia kwa macho, kisha hutafuta waya wa kutegea, kisha hukata majani, na baada ya hayo ndipo hupitisha koili, kila mpito ukiingiliana na uliopita. Ikilia, huisogelea ishara kutoka pande zote mpaka ajue ilipo, hurudi nyuma kiasi, huchimba akielekea kwenye ishara kwa pembe ya chini, ili alifikie bomu ubavuni badala ya kulikandamiza juu. Mara nyingi anachokipata ni msumari, ganda la risasi au kipande cha bati. Hayo yote huchimbwa kwa uangalifu ule ule.

Hapo ndipo muda unapokwenda. Kambodia, kati ya 1992 na 1998, vilichimbwa vitu vinavyokadiriwa kufika milioni 200, na kati ya hivyo ni takriban 500,000 tu vilivyokuwa mabomu ya ardhini au vilipuzi vingine. Yaani chini ya asilimia 0.3. Kigunduzi hakikukosea hata mara moja katika hayo mengine; kilisema kuna chuma, na chuma kilikuwapo. Tatizo ni kwamba chuma si bomu. Kwenye uwanja wa vita uliojaa vipande, mtu mmoja anaweza kumaliza siku nzima kwa mita za mraba kumi au ishirini.

Udongo mwekundu wenye madini ya chuma, ambao sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Kusini inao, huongeza shida nyingine: ardhi yenyewe inajibu. Vigunduzi vya kisasa vinaweza kusawazishwa na ardhi ya mahali, lakini kusawazisha kunakula sehemu ya usikivu. Kinachowaangusha wengi ni kusawazisha asubuhi tu. Ukihama mita 50 kutoka mbugani hadi kwenye kichuguu, ardhi imebadilika. Kila udongo unapobadilika, na kila betri inapobadilishwa, kifaa kijaribiwe kwa kipande cha majaribio kinacholingana na bomu gumu zaidi linalotarajiwa pale, kikiwa kimefukiwa kwenye kina kinachotakiwa. Kukijaribu kwa kipande cha PMN wakati eneo lina Type 72 ni kujidanganya, na udanganyifu huo hulipwa na mkulima.

Kipo kifaa cha mseto, kigunduzi chenye rada ya kupenya ardhi. Rada huangalia umbo na ukubwa wa kitu, hivyo mwongozaji anaweza kuuacha msumari na kuchimba kile tu kinachofanana na bomu. Kimepunguza sana uchimbaji wa bure huko Kambodia. Masharti yake ni mawili: mafunzo marefu, na ardhi isiyo na maji mengi au udongo wa mfinyanzi uliolowa, maana rada hufa humo.

Mbwa na panya buku

Harufu ni jambo jingine kabisa. Mnyama hanusi TNT peke yake. Mara nyingi kinachofika puani ni mabaki ya utengenezaji wake, hasa DNT, ambayo hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi. Mvuke hupenya kwenye maungio ya ganda la plastiki, hushikana na udongo, hupanda polepole. Udongo mkavu sana huishika harufu isitoke. Unyevu kidogo huiachia. Mvua kubwa huiosha na kuihamisha. Ndiyo maana kazi ya wanyama hufanywa alfajiri, umande ukiwapo, upepo ukiwa mdogo. Ni vilevile sababu ya mnyama kuonyesha mahali palipo pembeni ya bomu. Kwenye mteremko harufu husafiri, kwa hiyo anayefuata kuchimba apewe duara la kuchunguza kuzunguka alama, si nukta.

Msumari haunuki TNT. Faida nzima ya mnyama iko hapo: hupita juu ya vipande elfu vya chuma bila kusimama.

Mbwa, kwa kawaida German shepherd au Malinois, huongozwa kwa kamba ndefu ndani ya visanduku vilivyopimwa, mara nyingi mita 10 kwa 10, na kila kisanduku hupitiwa na mbwa wa pili kabla hakijahesabiwa. Ana nguvu, anafanya kazi kwenye ardhi mbaya kiasi, anaweza kufundishwa kutafuta mbali na mwongozaji wake. Lakini ana kilo 25 hadi 30, uzito unaotosha kulipua mabomu mengi ya watu, yaani yale yanayotegwa yakanyagwe na mtu. Humtegemea mwongozaji mmoja waliyezoeana. Huyo akiugua, timu husimama. Na katika nchi zetu zenye mbung'o na kupe, mbwa aliyeletwa kutoka Ulaya anaweza kufa kwa nagana au homa za kupe kabla hajarudisha gharama zake.

Panya buku ni mwenyeji. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji na Bart Weetjens mwaka 1997, lilihamishia mafunzo yake Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mwaka 2000, na tangu hapo panya wanaotafuta mabomu Kambodia na Angola wamekuwa wakifunzwa hapo. Panya mzima ana kilo moja hadi moja na nusu, na mabomu mengi ya watu huhitaji takriban kilo tano na zaidi. Anatembea juu yake salama. Mafunzo huchukua miezi tisa hadi mwaka mmoja: kwanza kuhusisha mlio wa kibofyezo na chakula, kisha kuchagua harufu ya TNT kati ya harufu nyingine, kisha uwanja wenye mabomu halisi yaliyozimwa. Kwenye mtihani wa mwisho hatakiwi kukosa bomu hata moja.

Uwanjani huvalishwa mkanda unaounganishwa na kamba iliyonyooshwa kati ya waongozaji wawili, huenda hadi mwisho wa mstari na kurudi, wao wakisogea hatua ndogo ndogo. Akinusa, huparua ardhi kwa miguu ya mbele. Hulipwa kipande cha ndizi au karanga. Eneo la mita za mraba 200 humalizwa kwa dakika 20 hadi 30, kazi ambayo mtu mwenye kigunduzi kwenye ardhi yenye vyuma vingi huifanya kwa siku kadhaa. Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa Tanzania na kupelekwa Kambodia mwaka 2016, alistaafu 2021 akiwa ameonyesha mabomu 71 ya ardhini na vilipuzi vingine 38. Ronin, naye wa kutoka Morogoro, amempita: mabomu 109 na vilipuzi vingine 15, rekodi iliyotambuliwa mwaka 2025.

Sifa hizo ni za kweli na Watanzania wana haki ya kujivunia. Lakini mpangaji anahitaji kujua pia panya asipofaa. Haingii kwenye majani marefu. Lazima mtu au mtambo ukate kwanza. Jua humchoma masikio na mkia, kwa hiyo hupakwa mafuta ya kukinga, na jua likiwa kali siku yake imekwisha. Hahimili waya wa kutegea, na kamba yake yenyewe inaweza kuuvuta. Kwenye safu ya mabomu yaliyopangwa kwa ukaribu, harufu huchanganyika ikawa wingu moja, na mnyama yeyote, mbwa au panya, hawezi kutenganisha bomu na bomu. Na mahali palipowahi kulipuliwa au kuchomwa moto vilipuzi, udongo wote unanuka. Alama zitakuwa nyingi na hazina maana.

Kati ya mbwa na panya, kwa kazi ya Msumbiji, Angola, Tanzania au Kongo, tungechagua panya kwa maeneo yaliyo tambarare na yaliyokatwa majani, hasa kwa sababu ya afya yake na kwa kuwa mwongozaji mwingine anaweza kumchukua kazi ikaendelea. Mbwa tungemweka kando ya barabara ndefu na kwenye ardhi yenye mabonde, ambako kamba ya panya haifungiki.

Mtambo

Mtambo wa minyororo una ngoma inayozunguka mbele, minyororo yenye nyundo ikiipiga ardhi hadi kina cha sentimita 20 hivi. Mwingine una meno yanayolima. Mingi ya midogo, kama MV-4 ya Kroatia yenye tani kama tano na nusu, huendeshwa kwa rimoti mtu akiwa mbali. Hakuna kinachoumaliza msitu mdogo haraka kama huo, na waya za kutegea huzikata.

Anayeuona ukifanya kazi hudhani ardhi imesafishwa. Haijasafishwa. Bomu linaweza kupasuka vipande bila kulipuka, fyuzi ikabaki nzima ndani ya udongo ikiwa na kilipuzi chake kidogo, kinachotosha kung'oa vidole. Jingine hurushwa pembeni, upande ambao tayari ulikwisha kupitiwa. VS-50 na ndugu zake waliokusudiwa kustahimili pigo la ghafla huweza kupigwa na nyundo na kukaa kimya. Baada ya mtambo, ardhi yote imejaa vumbi la kilipuzi na vipande vya chuma, kwa hiyo kigunduzi kinalia kila mahali na mnyama anahitaji kusubiri hali itulie kabla hajaingizwa.

Mtambo basi ni wa kuandaa na kuthibitisha: kukata majani, kuvunja ardhi ngumu, kuonyesha mpaka wa eneo lenye mabomu ulipo. Mteremko mkali, mawe makubwa, matope ya masika, na ukosefu wa vipuri huusimamisha. Hesabu ya mafuta na spea iwekwe kabla ya mkataba.

Kabla ya vyote: kuuliza watu

Sehemu kubwa ya ardhi inayodhaniwa kuwa na mabomu huwa haina. Wachungaji wanajua ng'ombe walilipukia wapi. Wanawake wanaokata kuni wanajua njia waliyoiacha na mwaka walioiacha. Askari wa zamani wa pande zote wanajua walichokitega. Taarifa hizi zikikusanywa vizuri, zikachorwa kwenye ramani, zinaondoa hekta nyingi kwenye orodha bila kifaa hata kimoja, na zile zinazobaki zinakuwa na jina la bomu. Msumbiji, iliyotangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini yaliyojulikana mnamo Septemba 2015, ilifika huko kwa kuunganisha uchunguzi wa vijiji, vigunduzi, mitambo, mbwa na panya. Hakuna kifaa kimoja kilichoifikisha.

Hali nne, uamuzi mmoja mmoja

Uwanja wa kijeshi wenye safu zinazojulikana, kwa mfano kuzunguka nguzo za umeme au daraja. Hapa kigunduzi na mtu. Safu zikigunduliwa, kazi hufuata mpangilio. Mnyama asiletwe kwa sababu ya harufu iliyochanganyika, ila pembezoni mwa safu, kuthibitisha kwamba hakuna lililohama na mafuriko.

Shamba kubwa linaloogopwa, ajali chache, vyuma vingi vya vita. Mtambo ukate majani na kupasua njia za kuchunguza. Ardhi ikishatulia, panya au mbwa wapite kwenye vipande ambavyo mtambo haukulipua kitu, na kigunduzi kiende tu pale walipoweka alama. Hapa ndipo mnyama anaokoa miezi, na hapa ndipo fedha zielekezwe.

Njia nyembamba ya kisimani au ya shuleni. Kazi ni ndogo na watu wanaitumia kila siku. Kigunduzi, bila kusubiri mtambo wala kibali cha wanyama. Kama bomu la plastiki linatarajiwa na udongo ni mwekundu, pitisha kigunduzi cha rada, au mnyama baadaye. Njia ikiwa imechimbwa yote kwa mkono hadi kina kilichoagizwa, hiyo nayo ni njia halali, polepole lakini ya uhakika.

Eneo lililotawanyikiwa na makombora baada ya ghala la silaha kulipuka. Dar es Salaam iliyaona Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Brazzaville tarehe 4 Machi 2012. Panya na mbwa hapa hawana kazi, kwani udongo wote umelowa harufu. Vitu vingi ni vikubwa na vya chuma: macho ya timu iliyopangwa mstari, kisha vigunduzi, na koili kubwa kwa yale yaliyozama. Ugumu uko kwenye fyuzi. Kombora ambalo halikufyatuliwa kwa mzinga lilitakiwa kuwa na kufuli zote mbili zimefungwa, lakini limechomwa, limerushwa mamia ya mita, limeanguka kwa kishindo. Hakuna tena anayeweza kuahidi kufuli ziko wapi. Kila moja lihesabiwe kuwa tayari kulipuka, na raia asiliguse, asilimwagie maji, asilibebe kulipeleka polisi. Aweke alama kwa umbali, arudi kwa njia aliyojia, atoe taarifa kwa polisi au jeshi.

Mabomu ya kienyeji yanayotegwa na makundi yenye silaha hayaingii kwenye ulinganisho huu. Hayana kiwanda, hayana mchoro, na fyuzi yake ni chochote alichokuwa nacho aliyelitengeneza. Hiyo ni kazi ya wataalamu wa vilipuzi wenye mafunzo yake mahususi, na kumpeleka huko mtegua mabomu wa kawaida ni kumtuma akafe.

Chochote kitakachochaguliwa, hati ya kukabidhi ardhi kwa wenyeji iandike vifaa vilivyotumika, mabomu yaliyopatikana kwa aina, na kina kilichosafishwa. Shamba lililosafishwa hadi sentimita 13 linafaa kwa jembe la mkono. Anayetaka kuchimba msingi wa nyumba, choo au mtaro wa bomba la maji mahali hapo aombe kwanza uchunguzi wa kina zaidi.